Miaka 18 na Dakika 44: Safari ya Ndege Namba 232

Tanuru, 1971

Watu wengi wakisimulia habari za ndege namba 232 ya shirika la United huanzia Jumatano ya tarehe 19 Julai 1989, pale injini ya mkiani ilipopasuka juu ya mashamba ya mahindi ya jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Kuanzia hapo ni kuikuta hadithi imeshakaribia mwisho. Kasoro iliyoipasua injini hiyo ilikuwa na umri wa miaka 18 hivi, na ilizaliwa ndani ya tanuru la kuyeyushia titani.

Titani hupendwa na watengenezaji wa injini za ndege kwa sababu ni nyepesi kuliko chuma, ilhali inavumilia mikiki. Tabu yake ni kwamba ikiwa ya moto hufyonza hewa. Naitrojeni ikiingia, mahali hapo panakuwa na chembe ngumu kupita kiasi, isiyopindika, iliyo tayari kumeguka. Inafanana na kijiwe ndani ya wali: macho hayakioni mpaka jino likigonge. Ili kuizuia, titani huyeyushwa katika tanuru lililonyonywa hewa, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1971 utaratibu ulikuwa kuyeyusha mara mbili. Muda mfupi baadaye, kwa injini za aina hii, kampuni ya General Electric ilianza kudai titani iliyoyeyushwa mara tatu.

Bonge moja la titani ya mayeyusho mawili liligeuzwa diski ya feni ya mbele ya injini aina ya CF6-6. Diski hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 80 hivi na uzito wa karibu kilo 170, na kazi yake ilikuwa kushika mapanga ya feni huku ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Ndani yake, karibu na tundu la katikati, palikuwa na chembe ya aina hiyo. Diski ilipitishwa kwenye vipimo vya kiwandani na chembe haikuonekana. Inaelekea ilichomoka wakati diski ikikatwa kwa mara ya mwisho na kusawazishwa, ikaacha kishimo chenye urefu wa milimita moja na nusu hivi. Januari 1972 diski ilipelekwa kwa kampuni ya Douglas kufungwa katika ndege mpya ya DC-10. Ilipewa maisha ya safari 18,000. Baada ya hapo, ilitakiwa kutupwa hata kama ingekuwa inang'aa.

Kila ndege ilipopaa, diski ilivutwa na nguvu ya mzunguko. Ilipotua, ikapumzika. Kutoka kwenye kishimo kile ufa ukaanza kukua, safari kwa safari, kwa kipimo ambacho ni darubini tu ingeweza kukisoma.

Mirija mitatu, 1970–1985

DC-10 iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kubeba abiria. Ilikuwa na injini tatu: mbili chini ya mabawa na moja imepachikwa kwenye mkia. Kwa ndege yenye ukubwa huo, misuli ya rubani haitoshi kusogeza viungo vinavyoigeuza, kuinyanyua au kuiinamisha. Kazi hiyo hufanywa na mafuta ya haidroliki yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mirija. Wahandisi wa Douglas walijua kuwa mrija unaweza kupasuka, kwa hiyo waliweka mifumo mitatu isiyotegemeana. Mmoja ukifa ipo miwili, na wa pili ukifa upo mmoja, nao unatosha kuishusha ndege salama.

Yote mitatu kufa kwa wakati mmoja lilihesabiwa kuwa jambo lisiloweza kutokea. Ndiyo maana kitabu cha marubani hakikuwa na hata ukurasa mmoja wa kuwaelekeza wafanye nini likitokea. Lakini mirija ya mifumo yote mitatu ilipaswa kufika kwenye mkia, maana huko ndiko viko viungo vya kuinua na kushusha pua ya ndege. Na huko huko mkiani ndiko ilikokaa ile injini ya tatu. Kutotegemeana kwa mifumo hiyo kulikuwa kwa kweli kwenye michoro. Ndani ya mkia wenyewe, yote ilipita jirani na diski ile.

Dalili zilikuja mapema. Tarehe 12 Juni 1972, DC-10 ya American Airlines ilikuwa imetoka tu Detroit pale mlango wa mizigo ulipong'oka. Sakafu ilibonyea na kubana kamba za kuongozea mkia. Kapteni Bryce McCormick alikuwa na tabia ambayo wenzake hawakuwa nayo: alipokuwa akijifunza ndege hiyo kwenye mtambo wa mazoezi, alijiuliza angefanyaje akipoteza viungo vya kuongozea, akajaribu kuigeuza ndege kwa kuongeza nguvu injini ya upande mmoja na kuipunguza ya upande wa pili. Siku hiyo aliutumia ujuzi huo, akarudi Detroit na watu wake wote 67 wakiwa hai.

Somo lilipokelewa nusunusu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikubaliana kimyakimya na Douglas kuhusu kurekebisha milango, badala ya kutoa amri yenye nguvu ya sheria. Tarehe 3 Machi 1974 mlango wa aina ileile ulifunguka katika DC-10 ya Shirika la Ndege la Uturuki karibu na Paris, na safari hii hakusalimika mtu. Walikufa watu 346. Baada ya hapo milango ilirekebishwa kwelikweli. Lile swali kubwa zaidi, la ndege iliyopoteza njia zote za kuongozwa, liliwekwa kando.

Liliulizwa tena nchini Japani. Tarehe 12 Agosti 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilipasuka ukuta wa nyuma uliokuwa umekarabatiwa vibaya, na mifumo yake yote minne ya haidroliki ikakauka. Marubani walipambana nayo kwa zaidi ya nusu saa, wakitumia injini tu, kabla haijagonga mlima. Watu 520 walikufa na wanne wakapona. Jambo lisiloweza kutokea lilikuwa limetokea, ila kwa ndege ya kampuni nyingine, na kitabu cha DC-10 kikabaki kama kilivyokuwa.

Kapteni asikilize, 1978–1981

Katika miaka hiyohiyo, jambo jingine lilikuwa likikua ambalo halikuwa na uhusiano wowote na vyuma. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United aina ya DC-8 ilizunguka karibu na Portland, Oregon, kapteni akiwa ameshikwa na wasiwasi juu ya magurudumu. Wenzake wawili waliona mafuta yanakwisha, wakagusia, lakini kwa sauti ya mtu anayemwogopa mkubwa wake. Mafuta yakaisha na injini zikazima. Watu kumi walikufa.

Siku zile kapteni alikuwa kama mungu mdogo ndani ya chumba chake, na rubani msaidizi alijua nafasi yake. Ajali ya Portland, ikifuatana na mgongano wa Tenerife wa mwaka 1977 uliohusu hali kama hiyo, ililifanya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kuitisha kikao cha wataalamu mwaka 1979. United ilikuwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kuyageuza mazungumzo hayo kuwa mafunzo. Kuanzia mwaka 1981 marubani wake walifundishwa kuulizana, kupingana inapobidi, na kumsikiliza yeyote mwenye ujuzi hata kama cheo chake ni kidogo. Baadhi ya makapteni wa zamani walicheka. Alfred Haynes, ambaye baadaye angekuwa kapteni wa ndege namba 232, aliyezaliwa Texas mwaka 1931 na kujiunga na United mwaka 1956 baada ya kurusha ndege za kijeshi, alipitia mafunzo hayo kama wenzake.

San Francisco, Februari 1988

Diski ilifikishwa mara sita kwenye karakana ya United mjini San Francisco kukaguliwa. Ukaguzi wenyewe ulikuwa hivi: diski inasafishwa, inapakwa kimiminika chenye rangi inayong'aa, kinaachwa kipenye popote penye ufa, kisha kinaoshwa juujuu. Unga mweupe unanyunyizwa ili ukivute kimiminika kilichobaki ndani ya nyufa. Mkaguzi anaingia chumba chenye giza na taa ya miali ya urujuani, anaitazama diski pole pole akisubiri kuona mstari unaowaka.

Ni kazi ya upweke. Diski inaning'inizwa kwa kebo inayopita kwenye tundu la katikati, na kebo hiyo inaweza kufunika sehemu ya uso wa tundu, mahali palepale ufa ulipokuwa. Inabidi diski izungushwe, kebo isogezwe, mapande yote yaonekane. Mkaguzi ameona diski nyingi zisizo na kasoro kabla ya hii, na ataona nyingi baada yake. Macho yakikosa kuona kitu mara kwa mara, yanazoea kutoona.

Katika ukaguzi wa mwisho, Februari 1988, ufa ulikuwa umefika urefu wa karibu milimita 13 juu ya uso wa chuma. Jambo hili lilikuja kujulikana kwa njia ya kuumiza: sehemu ya ufa ilikuwa imebadilika rangi, na wachunguzi waliona kuwa madoa hayo yalitokana na kemikali za kusafishia za siku ya ukaguzi. Kwa maneno mengine, karakana iliacha alama yake ndani ya ufa ambao haikuuona. Diski ilipasishwa. Ilikuwa imebakiza safari 760.

Alasiri ya tarehe 19 Julai 1989

Ndege iliondoka Denver saa nane na dakika tisa mchana kwa saa za Iowa, ikielekea Chicago na baadaye Philadelphia. Ndani walikuwemo watu 296. Watoto walikuwa wengi kuliko kawaida kwa sababu United ilikuwa na nauli maalumu, mtoto akisafiri kwa senti moja akiwa na mtu mzima aliyelipa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri na abiria walikuwa wakimalizia chakula cha mchana.

Saa tisa na dakika 16, ndege ikiwa kwenye futi 37,000 na ikipinda taratibu kulia juu ya kijiji cha Alta, diski ilikatika. Ilikuwa imekwenda safari 15,503. Vipande vilipasua gamba la injini, vikatoboa mkia na kuikata mirija. Mhandisi wa ndege, Dudley Dvorak, alitazama geji za haidroliki: sifuri, sifuri, sifuri. Rubani msaidizi, William Records, alikuwa ameukata usukani wote kushoto na kuuvuta wote nyuma, namna ambayo hakuna rubani anayefanya angani, na bado ndege ilikuwa inazidi kulala upande wa kulia. Haynes akaipunguza nguvu injini ya kushoto na kuiongeza ya kulia. Bawa likainuka pole pole. Huo ndio ukawa usukani wao kwa dakika 44.

Dvorak aliwapigia mafundi wa United kule San Francisco, karakana ileile. Waliuliza maswali, wakataja mfumo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara jibu likawa hakuna mafuta. Walishindwa kuamini. Walipekua vitabu vyao wakitafuta ukurasa ambao haukuwahi kuandikwa.

Katika daraja la kwanza alikuwepo Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani wa DC-10, akirudi nyumbani kama abiria. Alimwambia mhudumu amweleze kapteni kwamba yupo kama atahitajika. Miaka kumi nyuma si ajabu angeambiwa atulie kwenye kiti chake. Haynes alimwita mara moja, akampa mikono ya gesi ya injini mbili zilizobaki. Fitch akapiga magoti katikati ya viti, mkono huu injini ya kushoto, huu ya kulia, akizipandisha na kuzishusha kwa hisia, huku Haynes na Records wakiendelea kung'ang'ania usukani usio na kazi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba haukuwa na kazi.

Tatizo halikuwa kugeuka tu. Ndege isiyo na wa kuizuia hufanya mawimbi: inainamisha pua na kuongeza kasi, kasi inainyanyua, inapanda hadi kasi inapungua, kisha inainama tena, kila wimbi likichukua kama dakika nzima. Ili kulivunja wimbi unapaswa kuongeza nguvu wakati pua inashuka, wakati ambapo akili yote inakuambia upunguze, na kupunguza wakati inapanda. Fitch alijifunza haya huku akiyafanya. Ndege ilitaka kwenda kulia tu, kwa hiyo walishuka wakichora duara baada ya duara la kulia. Ukiitazama ramani ya njia yao unaona kama uzi uliovurugwa na paka.

Mwongoza ndege wa Sioux City, Kevin Bachman, aliwapa uelekeo na kuwasaidia kukaa mbali na mji. Zilipokaribia dakika za mwisho aliwaambia wako huru kutua kwenye njia yoyote. Haynes alicheka, akamuuliza kwa utani kama kweli anataka kuwa mchaguzi hivyo na kudai iwe njia ya ndege. Kicheko hicho kimo kwenye kinasa sauti. Mimi sikioni kama ushujaa wa kujionyesha. Ni mtu anayejitahidi wenzake watatu wasigande.

Njia namba 22

Walikuwa wameelekezwa kwenye njia namba 31, ndefu na iliyo wazi. Waliyoiona mbele yao ni namba 22, iliyokwishafungwa, yenye urefu wa mita 2,000 hivi. Kuzunguka tena kusingewezekana. Magari ya zimamoto yalikuwa yameegeshwa juu ya njia hiyohiyo, maana ilionekana mahali pazuri pa kuitazamia namba 31. Yakaondolewa haraka.

DC-10 hutua kwa kasi ya kilomita 260 hivi kwa saa, vibao vya mabawa vikiwa vimetandazwa. Hii ilikuja kwa kama kilomita 400, vibao havitandaziki, ikishuka mara tano ya kiwango cha kawaida. Magurudumu walikuwa wameyaachia yaanguke kwa uzito wake. Sekunde chache kabla ya kugusa, pua iliinama na bawa la kulia likalala. Saa kumi kamili ncha ya bawa hilo ilipiga zege. Ndege ikakatika mkia, ikaserereka, ikapinduka chali na kuwaka moto, sehemu kubwa ya mwili wake ikaishia kwenye shamba la mahindi.

Picha za televisheni za tukio hilo zimeonyeshwa mara nyingi, na anayeziona kwa mara ya kwanza husema hakuna aliyetoka. Walitoka 184. Kumi na watatu kati yao hawakuwa na jeraha. Mahindi ya Julai yalikuwa marefu kuliko watu, kwa hiyo abiria waliotambaa kutoka kwenye mabaki walipotea ndani yake, wakiitana bila kuonana, huku waokoaji wakitafuta sauti. Walikufa 111 siku hiyo au muda mfupi baadaye, na mmoja alifariki mwezi mmoja baada ya ajali. Kati ya hao 111, 35 waliuawa na moshi. Na hapa pana jambo dogo linalochoma: gari la kubeba maji ya akiba ya zimamoto lilipata hitilafu kwenye bomba lake la kunyonyea, likashindwa kuyajaza magari mengine, na moto ukaendelea kuwaka kwa saa nzima na zaidi.

Chumba cha marubani kilikatika na kubingirika peke yake. Kilikuwa kimebonyezwa hadi kimo cha kiuno, na waokoaji walipita karibu nacho wakidhani ni chuma chakavu. Zilipita kama dakika 35 ndipo ikagundulika kwamba ndani yake wamo watu wanne, na wote wanne wako hai.

Wengi waliita muujiza, lakini Sioux City ilikuwa imejiandaa. Gary Brown, aliyesimamia huduma za dharura za wilaya ya Woodbury, alikuwa ameendesha mwaka 1987 zoezi la ajali ya ndege kubwa, aina ambayo haikuwa hata ikitua katika uwanja ule. Zoezi lilionyesha mapungufu, naye akaenda kuomba miji jirani iingie kwenye mpango. Siku ya ajali, kikosi cha anga cha walinzi wa jimbo kilichokuwa na kambi uwanjani hapo kilikuwa na watu 285 kazini. Hospitali mbili kubwa za mji zilikuwa zikibadilishana zamu, wa mchana hawajaondoka na wa jioni wameshafika. Hayo mawili ya mwisho ni bahati, nakubali. Lile la kwanza lilikuwa jasho la mtu aliyevumilia kuonekana anapoteza muda wa watu.

Mahindi ya Oktoba

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, walikuwa na injini lakini hawakuwa na diski. Ilikuwa imeanguka mahali fulani katika maelfu ya ekari za mahindi na soya. Helikopta zilizunguka, wataalamu walipiga hesabu za mwelekeo wa upepo na mwendo wa vipande, General Electric ikatangaza zawadi kwa atakayekiona chochote. Miezi ikapita.

Tarehe 10 Oktoba 1989 mkulima mmoja karibu na Alta alikuwa juu ya mashine yake ya kuvunia aliposikia imekwama kidogo. Alishuka akatazama. Mbele yake lilikuwa pande kubwa la diski, limezama udongoni, mapanga ya feni bado yamesimama juu yake. Pande la pili lilipatikana baadaye si mbali na hapo.

Sasa chuma kilianza kutoa ushahidi. Chini ya darubini ufa ulifuatiliwa kurudi nyuma mpaka kwenye kishimo, na pembeni mwa kishimo ikakutwa naitrojeni. Ndipo maswali yakarudi kiwandani, na huko karatasi zikaonyesha jambo la ajabu: diski mbili ziliwahi kuandikwa kwa namba moja ya utambulisho, mojawapo ikiwa imekataliwa baada ya kipimo cha mawimbi ya sauti. Fumbo hilo liliwachukulia wachunguzi muda mwingi, na liliwaonyesha jinsi kumbukumbu za kiwanda kinachotengeneza kitu cha hatari namna hiyo zilivyoweza kuchanganyika.

Ripoti ilipitishwa tarehe 1 Novemba 1990. Kwa kifupi, lawama iliwekwa kwenye ukaguzi wa injini wa United, ambao haukuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu anayekagua, na hivyo ukakosa kuuona ufa uliotokana na kasoro ya chuma iliyotoka kiwandani. Kuhusu marubani, bodi iliweka wengine kwenye mtambo wa mazoezi na kuwapa ndege ileile yenye hitilafu ileile. Ikahitimisha kwamba kutua salama kwenye njia ya ndege katika hali hiyo hakuwezi kufundishwa.

Kilichobadilika, kuanzia 1990

Yaliyofuata hayakwenda kwa mwendo mmoja. DC-10 ziliwekewa valvu mkiani inayofunga mrija wa mfumo wa tatu pale mafuta yanapovuja ghafla, ili angalau kitu kibaki. Watengenezaji wa injini walikaa pamoja na FAA wakachunguza upya namna titani inavyoyeyushwa, na mbinu mpya za tanuru zikaingia. Ukaguzi wa kutumia macho ulibaki na udhaifu wake: tarehe 6 Julai 1996, huko Pensacola, Florida, sehemu ya titani ya injini ya ndege ya Delta ilipasuka wakati wa kupaa na kuua abiria wawili. Ufa ulikuwepo na mkaguzi hakuuona.

NASA ilichukua njia nyingine. Ikiwa Fitch aliweza kwa mikono, kompyuta ingeweza vizuri zaidi. Tarehe 29 Agosti 1995, katika kambi ya Edwards, California, Gordon Fullerton, aliyewahi kuwa mwanaanga, alitua na MD-11, mdogo wake DC-10, ikiongozwa kwa injini tu chini ya programu maalumu. Ilitua vizuri. Mashirika yakaipongeza na hakuna aliyeinunua. Mwaka 2003 wafanyakazi watatu wa Airbus ya mizigo ya DHL, iliyopigwa kombora Baghdad na kupoteza haidroliki yote, walilazimika kufanya kazi ileile kwa mikono. Walitua wakiwa hai, na hawakuwa na msaada wowote wa kompyuta ile.

Mafunzo ya kusikilizana, yaliyochekwa mwanzoni, yalisambaa hadi yakawa sharti kwa marubani wa mashirika ya ndege. Haynes alirejea kazini, akastaafu mwaka 1991 alipotimiza miaka 60, na tangu hapo akazunguka kueleza kilichotokea kwa wazimamoto, madaktari, wahandisi na wanafunzi. Kila mara aligawa sifa kwa wengine, akianza na Fitch. Fitch alifariki mwaka 2012, Haynes mwaka 2019.

Kuna mtu mmoja wa ndege ile ambaye hakuridhika. Jan Brown alikuwa mkuu wa wahudumu. Alipoambiwa wajiandae kugonga, aliwaelekeza wazazi waliowapakata watoto wadogo wawalaze sakafuni, wawazungushie blanketi na kuwashikilia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Hakuna mkono unaoweza kumshikilia mtoto ndege inapogonga kwa kasi ile. Walikuwepo wanne wa kupakatwa, na mmoja alikufa. Mtoto mwingine alipatikana na abiria aliyekuwa ameshatoka nje salama, akasikia kilio na kurudi ndani ya moshi. Nje ya mabaki Brown alikutana uso kwa uso na mama wa yule aliyekufa, aliyekuwa anataka kurudi ndani kumtafuta mwanawe, na ilimbidi amzuie.

Mwaka 1990 NTSB ilipendekeza kila mtoto awe na kiti chake chenye mkanda. Brown alitoa ushahidi mbele ya wabunge, akaandika barua, akarudi tena na tena. Mwaka 1995 FAA ilitoa hesabu zake: wazazi wakilazimishwa kununua tiketi ya mtoto, wengi wataacha ndege na kusafiri kwa magari, na barabarani watakufa watoto wengi kuliko watakaookolewa angani. Hesabu hizo zimebishaniwa tangu hapo, na wazazi hushauriwa walete kiti. Katika ndege za Marekani mtoto wa chini ya miaka miwili bado anaruhusiwa kupakatwa.